BARABARA YA MOROGORO NA KAMBA YA MKOLONI

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua historia ya Dar es Salaam usihangaike kutafuta vitabu. Amka alfajiri, shuka mpaka pwani pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Sokoine, kisha uipe bahari kisogo uende kwa miguu mpaka Kimara. Ni mwendo wa kama kilomita 15. Utapita Kisutu kwenye maduka, utavuka ule ukanda wa wazi wa Mnazi Mmoja, utateremka bonde la Msimbazi pale Jangwani, utapanda Magomeni, Manzese na Ubungo, na jua kali litakukuta Kimara. Ukifika huko utakuwa umepita katika kazi ya mikono ya Mjerumani, ya Mwingereza, na yetu wenyewe tuliojitawala tangu mwaka 1961.

Wengi wetu twaipita barabara hii kila siku bila kuitazama. Tumebanwa ndani ya basi, au twakimbilia kazini, au twachungulia bodaboda isije ikatugonga. Lakini yafaa tuitazame, kwa sababu barabara ni shahidi asiyejua kusema uongo. Humwonyesha mpita njia nani alihesabiwa kuwa mtu na nani alihesabiwa kuwa mzigo.

Sisi twasema hivi: Barabara ya Morogoro imebadilika sura mara nyingi, na mabadiliko mengi ni ya kujivunia. Lakini kamba iliyotumiwa kupima haki ya mwananchi aliyejenga kandokando yake ilikuwa ile ile ya mkoloni, hata baada ya miaka zaidi ya 50 ya uhuru. Jambo hilo halifai kurudiwa.

MJI WA MAFUNGU MATATU

Sultani Majid wa Unguja alipoanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, mlango mkubwa wa misafara ya bara ulikuwa Bagamoyo. Wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe mabegani walishukia huko. Majid alifariki mwaka 1870 na mji wake ukalala. Ni mwaka 1891 tu Wajerumani walipouhamisha mji mkuu wao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli. Mwaka 1907 gari la moshi likafika Morogoro, na mwaka 1914 likafika Kigoma.

Tangu hapo mizigo mizito ya bara ikapanda reli. Njia ya Morogoro ikabaki kuwa njia ya mkulima wa Uzaramo na tenga lake la mihogo, ya mwuza kuni, ya mwuza makaa, na ya kijana aliyekuja mjini kutafuta kibarua cha kulipia kodi. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumtengenezea mtu barabara ya kushindana na reli yake yenyewe.

Na hapo mjini penyewe, mkoloni aliugawa mji mafungu matatu. Mpango huo aliuanza Mjerumani, na Mwingereza alipoingia mwaka 1916 aliurithi akauendeleza. Fungu la kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu. Fungu la pili lilikuwa la nyumba za biashara, ambako Wahindi wengi waliishi. Fungu la tatu lilikuwa la nyumba za "kienyeji", na makao yake makubwa yakawa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kambi ya Jeshi la Wapagazi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa ujanja, sheria ilitaja aina ya nyumba, haikutaja rangi ya mtu. Lakini nani asiyejua kilichokusudiwa? Mwafrika asiye na fedha za kujenga nyumba ya mawe angeishi wapi?

Kati ya fungu la biashara na fungu la Mwafrika waliacha ukanda mtupu, na ndio huu tunaouita Mnazi Mmoja. Walisema ni kwa ajili ya afya. Barabara ya Morogoro ilikatiza ukanda huo. Kwa hiyo mtumishi aliyetoka nyumbani asubuhi kwenda kufua na kupika katika nyumba ya bwana mkubwa, alivuka mpaka uliochorwa na serikali, na jioni aliuvuka tena kurudi kwao. Motokaa ya bwana ikija, alijua la kufanya. Wazee wetu walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Barabara ya mkoloni ilikuwa darasa la methali hiyo.

Hata baada ya Vita ya Pili mkoloni hakuacha. Mpango wa mji wa mwaka 1949, uliotengenezwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza, uligawa makazi kwa wingi wa watu: pahali pa watu wachache katika viwanja vikubwa, pahali pa wastani, na pahali pa watu wengi katika viwanja vidogo. Majina yalikuwa mapya, watu waliokusudiwa walikuwa wale wale. Magomeni, ng'ambo ya bonde la Msimbazi, ikapimwa viwanja kwa ajili ya Waafrika.

Lakini mtu hupanga na Mungu hupanga. Magomeni iliyokusudiwa kuwa bweni la vibarua ikawa moja ya ngome za siasa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi Magomeni kabla ya uhuru. Nyumba yake hii leo ni makumbusho. Watu walioshuka kutoka Magomeni kwenda kusikiliza hotuba katika viwanja vya Jangwani na Mnazi Mmoja waliifuata barabara hii hii. Uwazi ulioachwa ili kuwatenga watu ukawa uwanja wa kuwakutanisha.

LAMI, MALORI NA MIKONO YA WATU

Baada ya uhuru barabara ilipewa kazi mpya. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na Zambia, iliyokuwa imetegemea njia za kusini, ikabanwa koo. Tanzania ikafungua mlango. Malori yaliyobeba mafuta na bidhaa yalitoka Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro kwenda mpaka wa Tunduma, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva wengi walipoteza maisha katika mitelemko ile. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likamalizika, lami ikaendelea kusogea mpaka Tunduma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata. Njia iliyodharauliwa na mkoloni ikawa mshipa wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Hilo ni jambo la fahari, na watoto wetu yafaa waambiwe.

Mwaka 1968 pia kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa kando ya barabara hii. Wafanyakazi walihitaji pahali pa kulala, na Manzese ikafurika. Hakuna aliyeipanga, watu walijijengea kwa udongo, kwa miti, kwa matofali, kila mtu kadiri ya uwezo wake. Katika miaka ya 1970 serikali haikuibomoa Manzese. Iliamua kuingiza maji, barabara na taa mle mle ambamo watu walikuwa wamekwisha kukaa. Msomaji, likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Na watu waliongezeka kwa namna ambayo mkoloni hakuiota. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742 Dar es Salaam. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Yaani katika miaka 65 mji umekua zaidi ya mara 40! Wengi wa watu hao walifuata barabara kubwa, kama mimea ifuatavyo mto. Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya, zilizokuwa mashamba ya mikorosho na minazi, zikawa mji.

Mabasi ya shirika la umma, UDA, yakashindwa kuwachukua watu hawa wote. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli ikawa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano watu waliiita "dala", tukapata jina la daladala. Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, jumla ya kilomita karibu 21. Katikati ya barabara pakawa na njia ya mabasi peke yake, na pembeni pakajengwa njia ya miguu na ya baiskeli. Februari 2021 njia za ngazi tatu zikafunguliwa Ubungo zikapewa jina la Kijazi, na mabasi ya mikoani, ambayo zamani yalianzia Kisutu na Mnazi Mmoja kabla ya kuhamia Ubungo, yakahamia kituo kipya cha Mbezi Luis.

Twayasifu haya bila kigugumizi. Nchi isiyo na barabara ni kama mtu asiye na miguu. Anayebeza kazi hizi hajapata kusimama Ubungo saa moja ya asubuhi katika miaka ile ya foleni.

KAMBA YA MWAKA 1932

Sasa tuje kwenye neno letu. Mwaka 2017, ili barabara ipanuliwe kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2 zenye njia nane, mamia ya nyumba zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya. Wakuu wa barabara walisema nyumba hizo zimo ndani ya hifadhi, yaani mita 121.5 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande, na kwamba waliojenga humo hawana haki ya fidia. Na sheria waliyoitaja ni ipi? Ni Sheria ya Barabara iliyotungwa mwaka 1932!

Tutulie hapa kidogo. Mwaka 1932 nani alikaa barazani kutunga sheria? Gavana wa Kiingereza na watu aliowachagua mwenyewe. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekuwamo katika baraza lile. Mzee wa Kizaramo aliyelima mikorosho Kimara hakuulizwa wala hakuarifiwa. Kamba ilivutwa juu ya ramani, na ramani ikafungiwa kabatini.

Tena tazama tofauti. Sheria yetu wenyewe, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, inasema hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kwa kila upande. Zamani ilikuwa mita 22.5. Aliyejenga ndani ya 22.5 alichorewa alama ya X nyekundu, aondoke bila malipo. Aliyeangukia katika zile mita 7.5 zilizoongezwa alichorewa X ya kijani, asubiri fidia kabla ya kuondoka. Ndiyo kusema sheria ya nchi huru ilitambua kwamba serikali ikisogeza mpaka wake, ilipe. Huo ni utu. Lakini ndugu wa Kimara, katika barabara hiyo hiyo, hakupimwa kwa mita 30 wala kwa 22.5. Alipimwa kwa mita 121.5. Nyumba yake ilikuwa mbali na lami kiasi cha kutosha uwanja wa mpira katikati, na bado akaambiwa amejenga barabarani.

Tusijidanganye. Wako waliojenga huku wakijua, wakitumaini kwamba wakiwa wengi hawataguswa. Wako waliouziwa viwanja na matapeli. Mtu anayeweka banda juu ya mfereji wa barabara hana haki ya kuwazuia watu milioni tano wasipite. Barabara ni mali ya wote, na wakati mwingine mmoja hana budi kuwapisha wengi.

Lakini wako pia waliokaa pale miaka mingi, wakiingiziwa umeme na maji, wakilipa kodi ya nyumba, wakihesabiwa kila sensa, wakipiga kura kila uchaguzi. Palibomolewa hata nyumba za ibada. Je, serikali ina macho mawili, jicho la kukusanya linaloiona nyumba na jicho la kulipa lisiloiona? Mtu aliyetambuliwa siku ya kutozwa hawezi kugeuzwa mvamizi siku ya kuhamishwa.

Wengine watajibu kwamba sheria ni sheria. Twakubali sheria iheshimiwe. Lakini hata lile fungu la tatu la nyumba za kienyeji lilikuwa sheria, na hata kodi ya kichwa ilikuwa sheria. Hatukugombea uhuru ili tubadilishe bendera tu na kuacha kamba mahali pake. Tulibadilisha majina ya njia: Acacia ikawa Independence, kisha Samora, New Street ikawa Lumumba, Pugu ikawa Nyerere. Vema. Lakini jina ni kibao cha ukutani. Haki ndiyo barabara yenyewe.

LINAWEZEKANA

Wala asije mtu akasema jambo hili haliwezekani. Tumekwisha kulifanya. Manzese ilitengenezwa bila kufukuzwa watu wake. Na pale Magomeni Kota, kaya 644 zilizoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilingoja miaka mingi, zikahangaika katika nyumba za kupanga, lakini mwaka 2022 maghorofa mapya yakafunguliwa kwa ajili yao. Walichelewa kupata, lakini walipata, kwa sababu majina yao yaliandikwa na ahadi ilikumbukwa. Aliyebomolewa Kimara hana tofauti na aliyebomolewa Magomeni. Wote ni raia, na wote wamo kando ya barabara moja.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo manne, tena kwa adabu na bila kuchoka.

Kwanza, mpaka ujulikane. Kila barabara kuu iwekewe mawe ya mpaka yanayoonekana, na ramani ibandikwe katika ofisi ya kila kata na kila mtaa, mahali ambapo hata bibi kizee ataweza kuonyeshwa. Mpaka uliofichwa kabatini si mpaka, ni mtego.

Pili, ofisi ya serikali iliyomwingizia mtu umeme au kumtoza kodi ya nyumba ihesabiwe kuwa imemtambua. Akitakiwa kuhama, alipwe kabla tingatinga halijawashwa moto.

Tatu, njia za miguu na vivuko vihesabiwe kuwa sehemu ya barabara tangu siku ya kwanza, visiwe vya kuongezwa baada ya watu kufa. Njia ya miguu iliyojengwa kwa ajili ya mwendokasi ilindwe, isigeuzwe kituo cha bodaboda wala maegesho ya magari. Na mama mwenye beseni la samaki kichwani anapotaka kuvuka njia nane, dereva asimame ampishe. Methali ya mkoloni igeuzwe: mwenye nguvu ndiye apishe.

Nne, bonde la Msimbazi lisisahauliwe. Kila masika kali maji hufunika Jangwani, barabara hufungwa, na mji hukatika vipande viwili. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu Dar es Salaam. Mradi wa kulitengeneza bonde hilo umekwisha kupatiwa fedha, na wanaohamishwa kwa ajili yake watendewe kwa kipimo hiki hiki tunachokidai.

Nanyi ndugu wanachama, msiwaachie wakuu peke yao. Balozi wa nyumba kumi anayekaa kando ya barabara kuu na asijue mpaka unapita wapi, ajiulize anawaongoza watu kwenda wapi. Anayetaka kununua kiwanja aende kuuliza kwanza. Anayeona mwenzake anachimba msingi ndani ya mpaka amwambie leo, kwa upole, asingoje kuja kushika shavu siku ya kubomolewa.

Barabara ya Morogoro inaanzia kwenye njia yenye jina la Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya motokaa karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma. Hata mkubwa wa nchi hakuwa salama barabarani. Basi tujue ya kwamba njia hii ni yetu sote, wa ndani ya gari na wa nje ya gari, aliye juu ya lami na aliye kando yake. Itapanuliwa tena, maana mji haujaacha kukua. Siku hiyo ikifika, na kamba itakayopimia iwe imesokotwa na mikono yetu wenyewe, mchana, watu wote wakiiona.